Posta ya Nuwara Eliya na Majumba ya Shangani

Katika kisiwa cha Sri Lanka, ambacho wazee wetu walikijua kwa jina la Sarandibu na baadaye Seilani, upo mji mdogo uliokaa juu ya milima, kiasi cha mita 1,868 kutoka usawa wa bahari. Mji huo ni Nuwara Eliya. Tulikaa huko siku tano mwaka 2024, katika hoteli ya kale iliyowahi kuwa nyumba ya gavana wa Kiingereza, na tuliyoyaona tumeona si vyema kuyafungia mkobani. Wenzetu wale ni watu wa kisiwa kama sisi. Wanaishi kwa zao la shamba na kwa mgeni anayeshuka uwanja wa ndege, kama sisi. Na wamerithi majumba makubwa ambayo hawakushauriwa yalipojengwa, nao leo wanagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya nani ayatumie. Katika hilo pia hatuna haja ya kujitenga nao.

Mtu hupanda Nuwara Eliya kwa gari moshi kutoka Kandy hadi stesheni ya Nanu Oya, ambako reli ilifika mwaka 1885. Safari hiyo huchukua saa nne hivi, na gari hujipinda mlimani kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Wageni wa Ulaya siku hizi hugombea viti vya dirishani ili wapige picha, na ni haki yao kwani mandhari ni ya ajabu: mabonde yaliyofunikwa kwa chai kama zulia lililotandikwa kwa uzi, maporomoko ya maji, na mawingu yanayotembea chini ya magurudumu. Lakini reli ile haikujengwa kwa ajili ya mandhari. Ilijengwa kuteremsha mazao ya mashamba ya Waingereza hadi bandari ya Colombo. Kutoka Nanu Oya mtu hupanda basi, na kilomita nane mbele yake yupo mjini.

Jambo la kwanza linalompokea Mzanzibari ni baridi. Sisi ambao baridi yetu kubwa ni ile ya Julai, wakati kusi inapovuma, hatukuwa na nguo za kutosha. Usiku hewa hushuka chini ya nyuzi 10, na katika Januari na Februari yapo mapambazuko ambapo majani ya chai huonekana meupe kwa jalidi. Kwa sababu ya baridi hiyo ndipo mji ukazaliwa. Waingereza waliokuwa wakiugua homa katika joto la pwani walitafuta mahali panapofanana na kwao, nao walipopaona wakapafananisha zaidi: nyumba zenye mapaa ya mteremko mkali, bustani za waridi, kiwanja cha gofu, kiwanja cha mbio za farasi. Hata ziwa la mji wakalitengeneza. Sisi wa Afrika ya Mashariki tunapotaja ziwa tunafikiri Nyasa au Tanganyika, maji ambayo hapana mwanadamu awezaye kudai kuwa ameyaweka. Ziwa Gregory ni la mikono ya watu. Palikuwa na bonde la majimaji, na mnamo mwaka 1873, katika utawala wa Gavana William Gregory, kijito kikazibwa hadi maji yakajaa. Leo pembezoni mwake wanakodishwa farasi wadogo, na majini zipo mashua za kukanyagia zilizotengenezwa kwa umbo la bata maji. Mwezi wa Aprili, wakati wa mwaka mpya wa Wasinhala na Watamil, nusu ya Colombo huhamia huko, na mtu hawezi kupata hata kiti cha kukalia ufukoni.

Lipo pia jina moja ambalo msomaji wa Afrika ya Mashariki hulitambua mara moja. Mwaka 1848 Mwingereza Samuel Baker alifika Nuwara Eliya na watu wake, ng'ombe wa kizungu, mbwa wa kuwindia na majembe ya plau, akakusudia kupanda kijiji cha Uingereza juu ya mlima wa Seilani. Akaondoka mwaka 1855. Ndiye Baker huyo huyo ambaye tarehe 14 Machi 1864 alilifikia ziwa ambalo watu wa Bunyoro walikuwa wakivua samaki tangu kale, akalipa jina la mume wa malkia wake, akaandikwa vitabuni kuwa ndiye aliyeligundua. Karoti, kabichi na liki zinazolimwa hadi leo kando ya Nuwara Eliya ni mabaki ya ndoto yake. Kwa haki, ni kabichi nzuri.

Tutaje pia kwamba Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikwea mlima wa Sarandibu mwaka 1344 kulizuru jiwe ambalo Waislamu wengi husema lina alama ya mguu wa Nabii Adam. Mabudha husema ni mguu wa Budha, na Wahindu husema ni wa Shiva. Wote hupanda kwa ngazi zile zile. Basi kisiwa hicho si kigeni kwetu kama kinavyoonekana katika ramani.

Hoteli tuliyokaa ni Grand Hotel. Sehemu yake ya kwanza ilikuwa makao ya mapumziko ya Sir Edward Barnes, aliyekuwa gavana kuanzia mwaka 1824 hadi 1831. Barnes anasifiwa sana kwa barabara alizozikata kuingia milimani. Ni sifa ya kweli, lakini barabara hizo zilikatwa kwa rajakariya, kazi ya lazima ambayo mkulima wa Kisinhala alidaiwa na wafalme wake wa zamani, na ambayo Mwingereza aliirithi akaitumia kwa bidii kuliko mfalme. Ilifutwa rasmi katika miaka ya mwanzo ya 1830, baada ya barabara kwisha. Nyumba ya gavana iligeuka hoteli mwishoni mwa karne ya 19, ikaongezwa ubavu huu na ubavu ule, na hivyo ndivyo ilivyo leo: jumba refu lenye mbao nyeusi usoni, sakafu za mbao zinazolia unapokanyaga, meko ya kuotea moto, meza ya biliadi, na ngazi pana ambayo mtu akishuka hujiona ana deni la kusimama wima.

Hatukuja kuikashifu hoteli. Imetunzwa vizuri mno. Kila kitasa kinang'aa, kila fremu ya dirisha imepakwa rangi. Usiku huletwa chupa ya maji ya moto kitandani, na baada ya baridi tuliyoieleza, tuliipokea kama mtu anavyopokea hisani. Tuliona fundi seremala akiondoa ubao mmoja uliooza katika sakafu ya ukumbi na kuupima mpya juu ya wa zamani ili unene usipishane hata kidogo. Tulisimama kumtazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Tulifikiri jinsi kwetu boriti ikioza huachwa hadi ukuta uifuate, na kila msomaji anajua habari ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ambalo upande wake uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, nao watu wawili wakafa. Jumba lile lilikuwa ni makumbusho yetu, si magofu ya kichakani. Utunzaji wa kila siku, wa ubao mmoja na ndoo moja ya chokaa, ndio uliokosekana.

Karibu na hapo ipo Hill Club, klabu iliyoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1876. Kwa miaka mingi wenyeji hawakukubaliwa kuwa wanachama, na wanawake walikuwa na mlango wao wa pembeni. Leo milango ni wazi kwa yeyote anayelipa ada ya mgeni, isipokuwa wakati wa chakula cha usiku mwanamume ni lazima avae koti na tai, na asiye navyo huazimwa hapo hapo. Wageni hucheka na kujipiga picha kwa tai za kuazima. Tulijiuliza kanzu yenye koti juu yake, ambayo kwetu ni vazi la baraza na la Baraza la Idi, ingehesabiwa katika fungu gani, lakini hatukuibeba na swali likabaki bila ya jawabu.

Sasa tuingie katika chai, kwani bila ya chai hapana hoteli. Kabla ya chai palikuwa na kahawa. Mwaka 1869 ukungu wa kutu uliingia katika majani ya mikahawa ya Seilani, na kwa miaka michache ukaimaliza biashara yote. James Taylor alikuwa amekwisha panda chai katika shamba la Loolecondera tangu mwaka 1867, na wenye mashamba wakamfuata. Vibarua waliletwa kutoka kusini ya India, Watamil, kwa maelfu na maelfu. Walipewa makao ya nyumba za safu, chumba kimoja kwa ukoo mmoja, migongo imeegemezana. Nyumba hizo zipo bado. Tulizipita kwa miguu, na watoto waliokuwa wakifua nguo bombani walituamkia.

Kisiwa kilipopata uhuru mwaka 1948, sheria ya uraia ya mwaka huo huo iliwaacha wengi wa watu hawa bila ya nchi. Hawakuwa wa India, kwa kuwa wamezaliwa Seilani, wala hawakuwa wa Seilani, kwa kuwa sheria imesema hivyo. Mwaka 1964 serikali mbili zikakaa zikawagawana kwa hesabu: 525,000 waende India, 300,000 wabaki, na waliosalia waangaliwe baadaye. Ilichukua hadi sheria ya mwaka 2003 kulimaliza jambo hilo. Sisi ambao baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 tuligawiwa eka tatu tatu tunaweza kubishana juu ya eka zile zilivyotumika, lakini hapana aliyemwambia mchumaji wa karafuu wa Pemba kwamba hana nchi.

Mchumaji wa chai hutakiwa kuleta kilo 18 hivi za majani kwa siku, na ni mwanamke aghalabu. Ujira wa siku uliwekwa kuwa rupia 1,000 mwaka 2021, baada ya mabishano ya miaka. Katika mahoteli ya mji ule chai ya saa kumi, yenye vikeki vidogo vilivyopangwa kwa ghorofa tatu, huuzwa kwa zaidi ya ujira huo. Hatusemi hivyo ili kumtia mtu aibu kikombe chake, nasi tulikinywa. Tunasema kwa sababu mhudumu aliyetumiminia, kijana mpole, alitueleza kwamba mama yake anachuma majani katika shamba linaloonekana dirishani, na kwamba hajapata kuingia katika jumba hili. Tulimwuliza kama amekatazwa. Akasema hapana, hajakatazwa na mtu, illa hana shughuli ya kumleta.

Maneno hayo yalikuwa bado masikioni mwetu tulipokwenda posta kesho yake kutuma barua. Posta ya Nuwara Eliya ni jengo la matofali mekundu lenye mnara, la mwaka 1894, nalo ni zuri kupita hoteli zote za mji. Mtalii aliyesimama nje husubiri watu waondoke ili apate picha. Watu hawaondoki. Ndani tulikuta foleni: mzee aliyekuja kuchukua pensheni yake, mwanamke mwenye kifurushi kilichoshonwa kwa kitambaa, wanafunzi wawili wanaolipia fomu. Kaunta ni ya mbao zile zile za zamani, zimelainika kwa viwiko vya watu wa karne na zaidi. Mama wa yule mhudumu, kama ana barua au malipo, huingia hapa bila ya kufikiri kwamba ameingia katika turathi.

Jengo hilo ndilo ambalo mwaka 2023 Serikali ya Sri Lanka ilikusudia kulikodisha liwe hoteli. Mwaka uliotangulia nchi ilikuwa imeshindwa kulipa madeni yake ya nje, watu wakalala katika foleni za petroli, na Rais akaikimbia nchi mwezi wa Julai. Serikali iliyofuata ilihitaji fedha za kigeni, na ilitazama ni kipi ilicho nacho ambacho mwekezaji angekipenda. Hoja hiyo si ya kijinga. Wakuu wanaosoma safu hii wanajua jinsi hazina tupu inavyoongea. Lakini mwezi wa Novemba 2023 wafanyakazi wa posta wakaweka kazi chini kwa siku mbili, nchi nzima, wakisema kwamba posta ni ya umma na haihamishwi ili mtu alale kitandani mahali palipokuwa na kaunta. Tulipofika sisi, posta ilikuwa ingali posta. Karani alipiga muhuri barua yetu kwa nguvu, akatuuliza Zanzibar iko upande gani wa Afrika.

Ni lazima tuwe waadilifu na tutaje mfano wa upande wa pili. Kiasi cha mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka mjini, Kandapola, kipo kiwanda cha chai cha Hethersett kilichokuwa kimefungwa, bati linashika kutu, mashine zimesimama. Katika miaka ya 1990 kiligeuzwa hoteli. Ghorofa za kunyaushia majani zikawa vyumba vya kulala, magurudumu makubwa ya mitambo yakaachwa mahali pake, na kiwanda kidogo kikafanywa kiendelee kusaga chai. Hapo hapana aliyefukuzwa. Jengo lilikuwa limekufa, na hoteli ikalifufua, na watu wa vijiji vya jirani wakapata kazi. Kuyaita mambo haya mawili kwa jina moja la uwekezaji ni kuchanganya daktari anayemzindua mgonjwa na mtu anayemhamisha mzima kitandani mwake.

Kwetu mifano ya aina zote mbili ipo, na yote imo katika mji mmoja. Zahanati ya zamani ya Tharia Topan pale Mizingani ilikamilika mwaka 1894, mwaka ule ule wa posta ya Nuwara Eliya. Ilikuwa imeachwa hadi roshani zake nzuri zinaning'inia, ikatengenezwa katika miaka ya 1990, nayo ipo leo kwa kila anayeteremka kutoka bandarini. Jengo la simu za kimataifa la Shangani, lililoachwa na kazi yake, likawa hoteli, na hapana aliyelia sana. Kisha ipo Mambo Msiige, nyumba ya katikati ya karne ya 19, ambayo imepata kuwa ubalozi wa Kiingereza, kisha hospitali, kisha afisi za Serikali ambamo wananchi waliingia na kutoka na karatasi zao. Tangu mwaka 2015 ni sehemu ya hoteli ya kimataifa. Kuta zimesimama imara, hilo tunalikubali na kulishukuru. Lakini baina ya kuta hizo na bahari palikuwa na kiwanja cha wazi ambapo vijana wa Shangani walicheza na wazee walikaa kupunga upepo, na yaliyosemwa wakati huo kuhusu kiwanja hicho, hapa na katika vikao vya UNESCO, hayajasahauliwa na waliokuwa wakikaa hapo.

Mji Mkongwe uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Wakati wa kuandika sifa zake hawakusifu mawe na milango peke yake. Walisifu mji ambao tamaduni za Afrika, za Kiarabu, za Kihindi na za Kizungu zimekaa pamoja kwa karne nyingi, na kukaa pamoja ni kazi ya watu wenye kuishi humo. Nyumba ikigeuka hoteli, watu wake huhamia ng'ambo. Zikihama nyumba mia, tutabaki na milango ya nakshi ambayo ufunguo wake upo mapokezini.

Na tusidhani kwamba mgeni ni mvua ya vuli, kwamba lazima atakuja. Sri Lanka ilipata wageni zaidi ya milioni 2.3 mwaka 2018. Yakaja mabomu ya Pasaka ya Aprili 2019, ikaja korona, na mwaka 2021 wageni hawakufika hata 200,000. Katika mwaka huo huo Serikali ikapiga marufuku mbolea za viwandani kwa ghafla, na mavuno ya chai yakaanguka kabla amri haijaondolewa mwezi wa Novemba. Nguzo zote mbili zikayumba kwa pamoja. Nasi mwaka 2019 tulipokea wageni zaidi ya 530,000, na mwaka uliofuata karibu nusu yao hawakuonekana. Mwaka 2024 wamepindukia 700,000, na kila mtu amesahau. Katika miezi ile mibovu mahoteli ya Nuwara Eliya yalizima taa ghorofa kwa ghorofa. Posta ilibaki wazi, kwa maana mzee mwenye pensheni hakuwa mtalii.

Kwa hiyo tunaiomba Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, na wizara zinazohusika, mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. Kabla jengo lolote la Serikali halijakodishwa, na itangazwe gazetini ni nani analitumia sasa, kwa shughuli gani, na shughuli hiyo itahamia wapi, kwa jina la mtaa na namba ya nyumba, siyo kwa kusema tu kwamba utaratibu unaandaliwa. Katika kila mkataba wa jengo la kale na uandikwe mlango mmoja, ua mmoja au ukumbi mmoja ambao mwananchi huingia bila ya kulipa na bila ya kuulizwa na mlinzi amekuja kumwona nani. Na sehemu ya kodi ya majengo hayo iwekwe katika fungu la kuwasomesha na kuwalipa maseremala na waashi wa chokaa wa hapa hapa, kwani waliobaki wanaojua kuchanganya chokaa na udongo mwekundu kama inavyotakiwa ni watu wazima, na wengi wao hawana wanafunzi.

Barua yetu kutoka Nuwara Eliya ilifika Shangani baada ya wiki tatu. Muhuri wa posta ile unasomeka vizuri.